Chuma Nacho Huvaa Nguo

(Mazungumzo ya redio ya juma hili, kama yalivyosomwa hewani)



Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu upande wa Kishapu, nyumba yetu ilikuwa na redio moja ya betri nne. Jioni, saa ya taarifa ya habari ilipokaribia, wazee wa jirani walikuja na vigoda vyao wakakaa uani kusikiliza. Siku moja, msimu wa kuuza pamba, redio ikanyamaza. Baba akatoa fedha, nikatumwa dukani kwa mguu, nikarudi na betri mpya. Redio kimya. Wazee wakaanza kusema imekufa. Ndipo mjomba, ambaye hakupata kusoma zaidi ya darasa la nne, akafungua kifuniko cha nyuma na kutuonyesha springi ndogo inayogusa kitako cha betri. Ilikuwa imeota ukoko mweupe wenye ukijani. Akaukwangua kwa ncha ya kisu, akaifuta springi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, akarudisha betri mahali pake. Redio ikasema.

Mjomba alitamka maneno ambayo sijayasahau: "Betri nzima, redio nzima. Ugomvi uko mlangoni."

Mazungumzo yangu ya leo yanahusu mlango huo, yaani mahali ambapo chuma hugusa hewa, hugusa moto, au hugusa chuma kingine. Ni jambo dogo kwa kulitazama. Lakini nimerudi kutoka safari ya Shinyanga, Kahama na Geita nikiwa na hakika kwamba katika ukanda ule wa dhahabu, na katika madini mengine yatakayoifuata dhahabu, tutapata au tutakosa kwa sababu ya jambo hilo dogo.

Nianze na Katoro. Katika pitapita zangu nilimtembelea mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ambaye pamoja na wenzake watano wana karasha la kusagia mawe ya dhahabu, nje kidogo ya mji huo mkoani Geita. Nguzo za umeme hazijafika pale walipo, kwa hiyo karasha huendeshwa kwa jenereta ya dizeli. Nilimkuta ameketi juu ya gunia la mawe, karasha limesimama, na turubai la banda lina tobo jeusi ambalo ndama angeweza kupita. Akina mama wanne waponda mawe walikuwa kivulini, mikono magotini. Hao hulipwa kwa ndoo. Karasha lisiposaga hakuna anayehitaji ndoo, na jioni hakuna unga nyumbani. Ilikuwa siku ya nne.

Sababu ilikuwa bomba la moshi. Ekzosi ya awali ilipochakaa walimwita fundi wa kuchomelea. Fundi akawaunganishia kipande cha bomba la maji, lile lililovishwa zinki. "Hili halishiki kutu," akawahakikishia. Usiku ule fundi mwenyewe alishikwa na homa na kutetemeka, akanywa maziwa, asubuhi akaamka mzima. Bomba lilifanya kazi miezi mitano. Kisha likapasuka pale pale lilipochomelewa, moshi wa moto na cheche vikapiga turubai, turubai likawaka. Bahati njema hakuna aliyeungua.

Nilimtafuta fundi yule. "Mwangaluka," nikamsalimu, naye akaitikia kwa adabu zote za Kisukuma. Nilidhani atajitetea. Badala yake akaniuliza: "Mzee, bomba hili likikaa kwenye maji miaka kumi halioti kutu. Kwa nini kwenye moto lisimalize hata mwaka?"

Ndugu wasikilizaji, hilo ni swali la msomi. Maabara kubwa za Ulaya, Marekani na Japani zimelihangaikia swali la jamii hiyo hiyo kwa miaka mingi. Basi na tumjibu.

Chuma hakipendi kukaa peke yake. Ardhini kilikuwa kimeungana na oksijeni. Sisi tukakitenganisha nayo kwa moto wa tanuri, nacho maisha yake yote hutafuta njia ya kuirudia. Kurudi huko ndiko tunakokuita kutu. Kwa hiyo binadamu akakivisha nguo. Bati la nyumba yako ni chuma kilichovishwa zinki, au zinki pamoja na aluminiamu. Nguo ya zinki ina uungwana wake: hata ikichanika, zinki iliyo jirani na mchaniko huliwa kwanza na chuma kikasalimika. Ni kama mlinzi anayekubali kupigwa yeye ili mwenye nyumba alale.

Lakini kila nguo ina mahali pake. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 420 za Sentigredi. Moshi wa injini ya dizeli inayobeba mzigo mzito waweza kufika joto hilo na kulipita, hasa pale unapotokea injini. Maana yake ni kwamba fundi wetu alikivisha chuma nguo ya nta, kisha akakipeleka jikoni. Tena, alipochomelea bila kukwangua zinki, sehemu ya zinki iligeuka moshi mweupe akauvuta, ndiyo ile homa ya usiku. Sehemu nyingine iliingia kwenye mshono ikaudhoofisha, ndio ule ufa. Niseme hapa kwa mafundi wote wanaonisikiliza: maziwa si dawa ya moshi wa zinki. Dawa ni kuikwangua zinki kwanza, kukaa upande unakotoka upepo, na kutochomelea bomba la namna hiyo ndani ya chumba kilichofungwa.

Nguo ilipoyeyuka, chuma kikabaki uchi motoni, kikaota magamba meusi. Jenereta ikizimwa, bomba hupoa. Chuma hunywea kwa kipimo chake na magamba hunywea kwa kipimo chao. Wasipopatana, magamba hubanduka. Asubuhi jenereta ikiwashwa, chuma kilichobaki huota magamba mapya. Hivyo bomba huliwa kila siku kidogo kidogo, mpaka siku linapotoboka mwenyewe anaona ni ajali. Si ajali. Ilikuwa kazi ya miezi mitano.

Je, hakuna chuma kinachoweza moto? Kipo. Sufuria na vijiko visivyoshika kutu vimetengenezwa kwa chuma kilichochanganywa na kromi. Kromi ikikutana na oksijeni hujenga utando mwembamba, mgumu, usiopitisha hewa kwa urahisi. Ukikwaruzwa, huota tena wenyewe. Chuma hicho hakivishwi nguo, huota ngozi yake. Bomba la namna hiyo lingedumu Katoro, na ndilo nililomshauri mdogo wangu alitafute, hata kama ni la kukatwa kwenye lori bovu.

Lau mambo yangeishia kwenye ekzosi, ningewaaga sasa hivi. Lakini upo mtambo mmoja wa umeme ambao hata ngozi hiyo ya kromi huukosesha raha, na mtambo huo una uhusiano na miamba ya upande wetu wa nchi. Naomba tuvumiliane kidogo niueleze.

Unaitwa seli ya fueli, na aina ninayoizungumzia wataalamu huiita seli ya fueli ya oksidi ngumu. Haina pistoni, haina mkanda, hainguruми kama jenereta ya Katoro. Kiini chake ni ubao mwembamba wa kauri, jamii ya vikombe vya chai, iliyotengenezwa kwa oksidi ya zirkoni pamoja na chembe za itriamu. Upande mmoja wa kauri hupita hewa, upande wa pili hupita gesi, kama haidrojeni au gesi asilia iliyoandaliwa. Kauri hiyo ikiwa baridi ni kama ukuta. Ikipashwa joto la nyuzi 700 na zaidi, hugeuka kuwa njia: oksijeni ya upande wa hewa hupenya ndani yake ikiwa imebeba chaji ya umeme, huenda kukutana na gesi upande wa pili, na umeme hulazimika kuzunguka kwa nje kupitia waya. Kile kinachozunguka kwa nje ndicho kinachowasha taa.

Jambo hili si geni. Mjerumani Walther Nernst aligundua tabia hiyo ya zirkoni mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1937 Emil Baur na H. Preis huko Uswisi walitengeneza seli ya kwanza ya namna hiyo. Faida yake ni kwamba fueli haichomwi kwa mwali wa moto, kwa hiyo upotevu ni mdogo. Seli nzuri hugeuza hata asilimia 60 ya nguvu iliyo ndani ya gesi kuwa umeme. Jenereta ndogo ya dizeli hupata kama theluthi moja tu, nyingine yote ikaishia kwenye joto, kelele na moshi.

Sasa turudi kwenye redio ya baba. Betri moja ya tochi hutoa volti moja na nusu, ndiyo maana tulipanga nne. Seli moja ya fueli hutoa chini ya volti moja ikiwa kazini. Kwa hiyo nazo hupangwa makumi kwa makumi, moja juu ya nyingine, kama sahani kabatini. Katikati ya seli na seli huwekwa bamba la chuma. Bamba hilo lina kazi mbili: kutenga hewa ya seli hii na gesi ya seli ile, na kupitisha umeme kutoka seli moja kwenda nyingine. Kwa lugha ya mjomba, bamba hilo ndilo mlango.

Zamani, seli hizi zilipofanya kazi kwenye joto la karibu nyuzi 1,000, mlango huo ulitengenezwa kwa kauri ya bei ghali iliyo ngumu kuchonga. Baadaye wataalamu walifaulu kushusha joto hadi nyuzi 700 au 800, na hapo chuma chenye kromi kama asilimia 22 kikaweza kutumika. Ni rahisi kukata, rahisi kukunja, na kikipata joto hutanuka kwa kipimo kinachokaribiana na kile cha kauri jirani yake. Watu wakashangilia.

Lakini wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Ile ngozi ya kromi, inayokiokoa chuma, ikaleta balaa mbili. Kwanza, inazidi kunenepa kadiri saa zinavyopita, na umeme unapita ndani yake kwa shida. Ni ule ukoko wa springi, isipokuwa hapa huwezi kuingiza kisu. Pili, kwenye joto hilo, penye hewa yenye unyevu, kromi huruka kama mvuke usioonekana. Mvuke huo hutua upande wa hewa wa seli, mahali ambapo oksijeni inatakiwa kuingilia, na kuziba njia. Chuma kizima, kauri nzima, gesi ipo. Umeme unafifia siku hadi siku.

Ndipo ikabidi chuma hiki nacho kivishwe nguo. Tena nguo yenyewe ina masharti ambayo fundi cherehani wa mjini angeikataa kazi. Izuie kromi isitoke. Ipunguze oksijeni inayoingia. Ipitishe umeme vizuri. Itanuke na kunywea pamoja na chuma, isije ikabanduka kama magamba ya Katoro. Ivumilie nyuzi 700 usiku na mchana kwa miaka mitano au zaidi, maana mtambo wa umeme unaohesabika kuwa wa maana hutakiwa kufanya kazi saa 40,000 na kuendelea. Na juu ya yote, iwe rahisi.

Nguo iliyosifika kuliko nyingi ni oksidi ya kobalti na manganisi. Wengine huisaga kuwa unga, huitengeneza kama rangi, huipulizia kwenye bamba na kuikausha tanurini. Wengine huichovya bamba kwenye maji yenye chumvi za kobalti na kupitisha umeme, kama sonara anavyochovya mkufu dhahabu. Huko Uswidi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chalmers, Gothenburg, wameifanyia kazi njia nyingine: chuma huvishwa kobalti tupu, nyembamba kupita kiasi, na chini yake chembe za seriamu. Bamba linapoingia motoni, kobalti hushika oksijeni, hukutana na manganisi inayopanda kutoka ndani ya chuma chenyewe, na nguo hujishona papo hapo.

Je, kazi hizi huzaa matunda? Huko Jülich, Ujerumani, seli mbili zilizopangwa na mabamba ya chuma ziliwashwa Agosti 2007 kwenye joto la nyuzi 700. Zilizimwa Januari 2019, zikiwa zimetimiza zaidi ya saa 100,000. Ni zaidi ya miaka 11. Linganisheni na miezi mitano ya Katoro.

Sasa nifanye hesabu, nanyi mnaweza kuifanya kwenye bahasha. Kobalti ya njia ile ya Uswidi ina unene wa kama sehemu sita za kumi za mikroni, na mikroni 1,000 ndiyo milimita moja. Ukivisha meta moja ya mraba kwa unene huo, unatumia gramu tano na kidogo. Ni kama kijiko cha chai cha chumvi. Chukueni kiwanja kizima cha mpira chenye urefu wa meta 105 na upana wa meta 68, kama kile mnachokwenda kushangilia siku ya mechi: kilo 40 za kobalti zatosha kukivisha kutoka goli hadi goli, na kinabaki kidogo.

Kwa nini nawasumbua na kobalti? Kwa sababu tunayo. Kule Kabanga, wilayani Ngara, kuna mwamba wa nikeli ambao umepekechwa na kupimwa tangu miaka ya 1970, kwanza kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, kisha na kampuni za kigeni moja baada ya nyingine. Nikeli yake ni karibu asilimia mbili ya mwamba, kiwango cha kutamaniwa duniani. Ndani ya mwamba huo huo mna shaba, na mna kobalti kidogo, chini ya asilimia moja. Na nikeli yenyewe ndiyo inayotumika upande wa gesi wa seli hizi ninazozieleza. Mwamba mmoja wa Ngara una vitu viwili ambavyo mtambo huo unavihitaji.

Januari 2021 serikali ilitia sahihi mkataba ulioanzisha kampuni ya Tembo Nickel, ambamo taifa lina hisa za asilimia 16. Mpango ulikuwa kwamba mwamba uchimbwe Ngara, na madini yasafishwe Kahama, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, katika eneo la mgodi wa Buzwagi. Leseni ya kusafishia ilitolewa mwaka 2024.

Kwa mtu wa Kahama, Buzwagi si jina la kwenye karatasi. Mgodi ule ulifunguliwa mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021. Miaka 12 tu. Nilikaa na vijana waliozaliwa kabla haujafunguliwa na ambao hawajafikisha miaka 25, lakini wameshuhudia mgodi ukizaliwa, ukistawi na ukifa. Mmoja aliniambia, "Mzee, shimo tumeliona, kiwanda hatujakiona." Sikuwa na jibu.

Wala msisahau makinikia. Mwaka 2017 nchi nzima ilizungumza juu ya makontena 277 yaliyozuiliwa bandarini Dar es Salaam, yamejaa mchanga wa Bulyanhulu na Buzwagi uliokuwa ukienda kuyeyushwa ng'ambo. Tulibishana kuhusu kilichomo ndani ya makontena. Mwishowe, Januari 2020, makubaliano yakatiwa sahihi na kampuni ya Twiga ikaanza kazi. Somo tulilotoka nalo ni kwamba mali isiondoke ikiwa mchanga, isafishwe hapa. Mwanza ikapata kiwanda chake cha kusafishia dhahabu mwaka 2021, na hilo ni jema.

Lakini leo nasema kusafisha si mwisho wa safari. Rudini kwenye kijiko cha chumvi. Kama mnunuzi anahitaji gramu tano tu kuvisha meta moja ya mraba, basi yule anayeuza kobalti kwa kilo, hata iwe safi namna gani, ameuza sehemu ndogo ya thamani ya bamba lile. Sehemu kubwa imo katika kujua: unene gani, joto gani, kwa njia gani, na namna ya kupima kama nguo imeshika. Majirani zetu wa Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Sehemu kubwa husafishwa China, na elimu ya kuivisha vyuma iko Ujerumani, Uswidi, Japani na Marekani. Wingi wa mwamba haukumfanya mchimbaji wa Kolwezi kuwa bwana wa kobalti.

Najua nitaulizwa: sasa mzee unataka Kahama watengeneze seli za fueli? Tuna Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Tunazitakia nini kauri zenye moto?

Swali ni la haki, na jibu langu ni hapana, sisemi tuanze na seli za fueli. Soko lake ni dogo, mtambo wenyewe bado ni ghali, na bomba la gesi asilia halijafika Shinyanga. Atakayewaahidi seli za fueli Kahama kesho kutwa, mshikeni shati mumwulize maswali. Ninachosema ni kwamba tuanze na nguo.

Kazi ya kuvisha chuma inatuzunguka. Viwanda vyetu vya mabati Dar es Salaam huvisha chuma kila siku. Vinu vya kusagia mawe migodini huvikwa mabamba ya ndani yanayolika badala ya kinu. Pampu za kusukuma tope hulambwa na mchanga usipozivisha raba. Na kiwanda cha kusafisha nikeli bila tanuri la kuyeyushia, kama kile kilichokusudiwa Kahama, hutumia tindikali ndani ya mitungi mikubwa yenye joto na shinikizo. Mitungi hiyo isipovishwa vizuri kwa ndani, italiwa kama bomba la Katoro, tena kwa hasara ambayo turubai moja haiwezi kuisimulia. Kwa hiyo kabla hata kilo moja ya kobalti haijatoka, ujuzi wa kwanza utakaohitajika pale ni huo huo wa nguo ya chuma. Je, watakaoishona watakuja na ndege na kuondoka na ndege?

Nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa wanaojadili mikataba ya madini kwa niaba yetu. Hisa asilimia 16 ni jambo jema. Lakini katika kila mkataba wa kusafisha madini, pawe na kifungu kinachotaja ni vijana wangapi watafundishwa kupima, kuvisha na kukagua vyuma, wafundishwe wapi, na maabara ibaki mikononi mwa nani mgodi ukifungwa. Shimo la Buzwagi liliisha dhahabu baada ya miaka 12. Maabara haiishi namna hiyo.

La pili ni kwa vyuo vya ufundi, VETA wa Shinyanga na Geita wakiwemo, na kwa wenzao wa TIRDO na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kijana wa kuchomelea hufundishwa kuunganisha chuma na chuma. Afundishwe pia chuma chenyewe ni cha aina gani, kimevaa nini, na kitakwenda kukaa wapi: majini, kwenye tindikali au motoni. Masomo ya juma moja tu yangemwepusha fundi wangu na homa, na akina mama wale wanne na siku nne za kukosa unga.

La tatu ni kwetu sisi wanunuzi wa kawaida. Tunaponunua bati huuliza bei na rangi. Tuulize na unene wa chuma, na uzito wa zinki iliyopakwa. Mwenye duka akiona kila mteja anauliza, atalazimika kujua. Nchi hujifunza pia kupitia maswali ya dukani.

Nimalizie Katoro. Siku ya tano mdogo wangu alipata kipande cha ekzosi isiyoshika kutu kwenye vyuma chakavu mjini Geita. Fundi yule yule alikuja kukifunga. Safari hii alikwangua kwanza, akakaa upande wa upepo. Karasha likaanza kunguruma, akina mama wakashika nyundo zao. Alipomaliza, alinawa mikono, akanijia. Nilikuwa nimemsimulia habari za kobalti usiku uliotangulia, tukiota moto, nikidhani ananisikiliza kwa heshima tu.

"Mzee," akasema, "hiyo nguo ya kobalti, hupakwa kwa brashi au hupulizwa?"

Nikamjibu kwamba zote mbili zinawezekana, na kwamba kuna njia ya tatu ya kuchovya kwa umeme.

Akafikiri kidogo. "Ya kupuliza naiweza," akasema. "Kompresa ninayo. Ila sijui vipimo."

Ndugu wasikilizaji, mwamba upo Ngara, eneo lipo Kahama, na kijana mwenye kompresa yupo Katoro. Kilichokosekana ni vipimo, na vipimo havichimbwi ardhini. Hufundishwa. Ugomvi, kama alivyosema mjomba, uko mlangoni.

Hadi juma lijalo, kwaherini.